Kinong'ono Kwenye Wimbo wa Tatu

Kama hukunisoma wiki iliyopita usijali, hukukosa heri yoyote. Jina langu ni Orrin Pawlak, mpiga gitaa wa bendi ya watu watatu iitwayo Pembe Butu, hapa Eau Claire, Wisconsin. Tangu nianze kuwasimulia mikosi yangu, gari la bendi limetuzimikia kwenye theluji mara mbili, mpiga gitaa mwenzangu ametukimbia akasomee udaktari wa meno, na paka wa jirani amezaa ndani ya amplifaya yangu.

Mara ya mwisho niliwaacha na habari njema, jambo ambalo lingepaswa kunitia wasiwasi. Santuri zetu zilikuwa zimefika kutoka kiwandani. Albamu yetu ya kwanza, nyimbo nane, jina lake Tafadhali Msipige Makofi Bado. Nilikuwa nimeikumbatia moja kifuani pale simu ilipolia.

Alikuwa Tou Xiong, mpiga besi wetu.

"Orrin, umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa, kaka."

Nikakaa.

"Kwenye wimbo wa tatu kuna mtu anaongea."

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mkicheka, chekeni kwa kiasi, maana mwenzenu nilikuwa naposa.

Kwanza mjue kwamba nyimbo zetu hazina mwimbaji. Ni gitaa, besi na ngoma, basi. Wanaotupenda wanaiita rock ya hesabu, kwa sababu kila wimbo unakwenda kwa mapigo ya ajabuajabu: saba, kumi na moja, kumi na tatu. Ukijaribu kuucheza utateguka kifundo. Hakuna anayeongea mle ndani, na hilo ndilo tunalojivunia.

Tou alikuja na hedifoni shingoni na uso wa mtu aliyetoka msibani.

"Umegunduaje?" nikamuuliza.

"Nilipunguza kasi ya wimbo nijifunze besi."

"Besi gani?"

"Yangu."

"Hujui besi yako mwenyewe?"

"Wewe uliibadilisha mara nne siku ya kurekodi! Ulitaka niijue lini, usingizini?"

Akanivalisha hedifoni. Gitaa langu lilikuwa linaburuzika polepole. Chini yake, safi kabisa, kulikuwa na sauti ya mwanamume akinong'ona. Alikuwa anarudia maneno yaleyale tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho.

"Chakula cha Ardis kina ladha ya soksi. Chakula cha Ardis kina ladha ya soksi."

Sauti ilikuwa yangu.

Tou akanitazama.

"Ndugu yangu," akasema, "umemtukana mama mkwe wako kwenye santuri."

Naam. Ardis Sundvold ni mama yake Britta, na Britta ndiye mpiga ngoma wetu, na harusi yetu imepangwa mwezi wa sita. Chumba cha chini tunachofanyia mazoezi ni cha Ardis. Albamu tuliirekodi humohumo, chini ya jiko lake.

Mtauliza, kwa nini mtu mwenye akili zake anong'one upuuzi kama huo huku akipiga gitaa? Jibu ni aibu yangu, na leo nalitoa gazetini. Mimi sijui kuhesabu.

Mpaka kumi niko sawa. Baada ya kumi namba zinarefuka, ulimi unachelewa, vidole vinanitangulia. Kwa hiyo kila wimbo nimeutafutia sentensi. Pigo moja, silabi moja. Sentensi ikiisha, nimerudi mwanzo. Hesabu mwenyewe kwa vidole: cha-ku-la cha Ar-dis ki-na la-dha ya so-ksi. Kumi na tatu, haipungui wala haizidi. Sentensi ilinijia siku moja baada ya chakula cha jioni pale kwake, vidole vikaipenda, nami nikashindwa kuviachisha.

Na kinasa sauti je? Hilo nalo ni langu. Nilishikilia kiwekwe karibu kabisa na nyaya ili msikilizaji asikie hata vidole vikisugua. Tou aliniambia, "Utasikika ukipumua." Nikamjibu kwa maringo, "Ndiyo raha yenyewe." Mdomo uliponza kichwa.

"Britta anajua kwamba huhesabu?" Tou akauliza.

Nikatikisa kichwa. Britta anafundisha hesabu shule ya kati. Siku ya chakula cha uchumba alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Wanaume wenye macho mazuri nimewaona wengi. Anayefika kumi na tatu bila kupotea nimempata mmoja." Watu wakapiga makofi. Mimi nikainamia sahani yangu.

"Sawa," Tou akasema. "Mpaka sasa nimesikia mimi tu. Umeshagawa santuri yoyote?"

"Moja."

"Kwa nani?"

Nikajifanya nakunja waya wa hedifoni.

"Orrin. Kwa nani?"

"Kwa Ardis."

Tou akakaa kwenye ngazi. Sote wawili tulikuwa tunafikiria jambo lilelile. Majira haya ya baridi Ardis aliwekewa vifaa vipya vya kusaidia kusikia, na tangu hapo anasikia mtu akifungua biskuti nyumba ya pili.

Tulikwenda kwake mchana huohuo kuiiba santuri.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mimi nimzungumzishe jikoni, Tou aombe kwenda chooni, apitie sebuleni, aichukue. Tulichosahau ni kwamba kwa Ardis huingii jikoni ukatoka na tumbo tupu.

"Mtakula?" akauliza.

"Hapana mama, tumeshiba."

"Kidogo tu."

"Asante mama, kweli."

"Kipo tayari kinaenda kutupwa."

Kwetu ukikataa mara mbili umekuwa na adabu. Ukikataa ya tatu umetukana. Nikavuta kiti.

Akalitoa lile bakuli kwenye oveni: nyama ya kusaga, maharage mabichi ya kopo, supu ya uyoga ya kopo, na juu yake viazi vidogo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Analipika kila Jumatano, na kila mkutano wa akina mama wa kanisa, na kila mazishi. Nikatia kijiko kinywani.

Wasomaji, sikumsingizia. Ilikuwa soksi ya sufu iliyoanikwa juu ya jiko.

"Ongeza," akasema Ardis.

Nikaongeza.

Tou alikwenda chooni mara tatu. Kila aliporudi alikuwa amekunja uso zaidi.

"Rafiki yako ana tatizo la tumbo?" Ardis akaninong'oneza.

"Ni figo, mama."

"Basi aache kutafuta figo kwenye kabati langu la sebuleni." Akaingiza mkono kwenye kapu la kufumia, akaitoa santuri. "Mnaitaka hii?"

Kijiko kikanidondoka.

"Nimeisikiliza," akasema. "Jana na leo."

"Umeionaje, mama?"

Akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. "Ni tofauti."

Mgeni angefurahi. Sisi wa huku tunajua kwamba mtu akikuambia kitu chako ni tofauti, uanze kufunga mizigo.

"Nyimbo mbili za kwanza nilidhani mashine imeharibika," akaendelea. "Nikaipiga ngumi. Halafu ukaja ule wa tatu." Akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Orrin. Kwa nini hukuniambia?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Mama, naomba unisamehe..."

"Kwa nini hukuniambia kwamba wewe ni mtu wa sala?"

Tou alipaliwa na kiazi.

"Marehemu mume wangu Einar alikuwa hivyohivyo," akasema Ardis. "Akikamua ng'ombe, ananong'ona. Miaka yote ile. Neno hulishiki hata moja, lakini unajua ni sala. Jana nimekaa hapa, nikamsikia Einar wangu kwenye gitaa lako." Akajipangusa kwa aproni. "Nitakuambia ukweli, maana sasa naweza. Mimi sikukutaka. Nilisema, Mpoland, Mkatoliki, na anapiga makelele. Nilikuwa nasubiri Britta achoke. Leo nakupa baraka zangu zote."

Akanikumbatia. Anatoa harufu ya supu ya uyoga, na kusema kweli, nilitaka kulia. Miaka minne nilikuwa naisubiri baraka ile, na sasa nimeipata kwa kumtukana.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Britta, kofia imejaa theluji.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Mchumba wako anasali akiwa anapiga gitaa," mama yake akamwambia. "Kwenye wimbo wa tatu."

Britta akavua glavu moja, polepole. "Wimbo wa tatu ni wa kumi na tatu."

"Ndiyo," nikasema.

"Unasali, na unahesabu kumi na tatu, wakati mmoja?"

Tou alikuwa ananitazama kwa macho ya kunisihi. Sema, bwana, sema sasa hivi. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, ningesema tungelia na kucheka, tukamaliza.

"Nimezoea," nikasema.

Britta akaja akanibusu kipajini. "Mama," akasema, "nilikuambia huyu si mtu wa kawaida."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebakiza mpaka Jumamosi. Maana Jumamosi ndiyo tulikuwa tunaizindua albamu, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri, ambao Ardis mwenyewe alituombea. Na kabla hatujatoka jikoni akaleta ombi lake.

"Jumamosi utaisali kwa sauti, mwanangu. Nitakuwekea maiki. Akina mama wote watakuwepo, nataka waisikie. Ukimaliza tutaitikia Amina."

Tulijifungia ndani ya gari la Tou kando ya mto, injini ikiwaka tusigande.

"Tunahitaji sala," Tou akasema. "Ya silabi kumi na tatu. Mungu ibariki bendi hii."

"Hiyo ni kumi."

"Umehesabu?"

"Mpaka kumi naweza, nimekuambia!"

Tulitupa sala nyingi mtoni. Nyingine zilikuwa fupi, nyingine zilimalizikia katikati ya neno. Mwishowe Tou, ambaye mama yake hata kanisani haendi, akafumba macho akasema, "Bwana, bariki mikono iliyopika."

Tukahesabu kwa vidole vya wote wawili. Kumi na tatu. Tena ilikuwa inamsifu Ardis. Tukapigana vikumbo kwa furaha mpaka gari likatikisika.

Lakini vidole vina ukaidi wao. Vilikuwa vimelala na soksi miaka miwili, sasa naviletea mikono iliyopika, vikaninunia. Nilifanya mazoezi kitandani. Nilifanya mazoezi kazini, kiwandani, nikipanga vipande vya jibini kwenye mkanda: Bwana, bariki mikono iliyopika, kipande, Bwana, bariki. Msimamizi alipita, akavua kofia, akasubiri nimalize.

Kufika Ijumaa vidole vimekubali. Tou akanisikiliza tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, kila pigo, kila kipande cha gitaa.

"Umeiva," akasema.

Hatukujua tumesahau nini.

Jumamosi ukumbi ulijaa, na uligawanyika katikati. Kushoto walikaa akina mama wa kanisa, mikoba mapajani. Kulia walisimama wapenzi wetu, vijana wenye ndevu na miwani, wamekunja mikono, ambao wakipagawa kabisa kwa furaha hutikisa kichwa kidogo. Katikati kulikuwa na meza ndefu, na katikati ya meza, bakuli la Ardis.

Ardis mwenyewe aliniwekea maiki mdomoni. Akairekebisha mpaka ikanigusa ndevu.

"Usiogope, mwanangu," akaniambia.

Wimbo wa kwanza una mahali unaponyamaza kana kwamba umeisha. Akina mama wakapiga makofi. Wimbo ukaendelea. Wakaomba radhi. Ulipoisha kweli hawakuthubutu, na wale wa kulia huwa hawapigi, kwa hiyo tuliingia wimbo wa pili katika ukimya wa mochwari. Hiyo kwetu ni dalili ya mafanikio.

Kisha ukaja wa tatu. Britta akagonga vijiti.

"Bwana, bariki mikono iliyopika," nikasema kwenye maiki, na vidole vikaenda. "Bwana, bariki mikono iliyopika."

Ilikubali! Kushoto vichwa viliinama. Bibi Verna Aasen, rafiki wa Ardis tangu usichana wao, alifumba macho. Ardis alikuwa anachanua. Kulia nako kukazuka msisimko, mmoja akamvuta mwenzake shati.

"Sikia, anahesabu kumi na tatu kwa sala!"

"Acha!"

"Hesabu mwenyewe! Jamaa ni hatari."

Nyuma yangu nilimsikia Britta akicheka kwa raha huku akipiga. Nilijiambia, Orrin, umeokoka.

Sasa, katikati ya wimbo wa tatu kuna kimya. Mapigo kumi na tatu matupu. Gitaa hakuna, besi hakuna, ngoma hakuna, halafu wote watatu tunarudi kwa kishindo. Ni fahari ya albamu nzima. Na siku zote zile kitandani, kiwandani, garini, nilikuwa nimefanya mazoezi ya kupiga. Kimya sikukifanyia. Ni nani hufanya mazoezi ya kunyamaza?

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tukanyamaza. Mikono yangu ikasimama, na mdomo, ambao haukuwa na vidole vya kuufuata, ukarudi kwao. Kwa sauti ya utulivu, ndani ya maiki, ukumbi mzima ukisikia hata friji ikinguruma, nikasema:

"Chakula cha Ardis kina ladha ya soksi."

Tukaingia wote watatu pamoja. Sijapata kuingia vizuri hivyo maishani mwangu.

Tungeweza kuacha. Lakini bendi yetu haiachi wimbo njiani, na akina mama wa kanisa hawatoki katikati ya ibada. Kwa hiyo nilipiga nusu nzima iliyobaki, nikirudia Bwana, bariki, Bwana, bariki, nimekodoa macho viatuni. Nikafika pigo la mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi.

Kisha, kutoka safu ya pili, Bibi Verna akasema kwa sauti ndogo, lakini ya mtu aliyeridhika:

"Amina."

"Amina," akasema wa pembeni yake.

"Amina!" wakaitikia akina mama wote, kwa nguvu ambayo ukumbi ule haujaisikia tangu ujengwe.

Ardis hakunitazama mimi. Aligeuka kwenye kiti.

"Verna?"

"Si uliagiza tuitikie, Ardis?"

"Verna Aasen. Wewe umeniomba maelekezo ya bakuli hili."

"Nilitaka nijue unakosea wapi," akasema Bibi Verna, na akafunika mdomo kwa mkono, amechelewa.

Mtu upande wa kulia akatikisa kichwa, kidogo. Ardis akasimama. Nilidhani anakuja kunipiga na bakuli, na nilikuwa tayari, ningeinamisha kichwa. Hakuja. Alisimama tu, ameshika mgongo wa kiti, na uso wake ukabadilika taratibu mbele yetu.

"Kwa hiyo Einar," akasema, hakuna anayejua akimwambia nani. "Kule zizini. Einar alikuwa anasema nini?"

Akakaa. Hapo niliona haya kweli. Mpaka dakika ile nilikuwa naogopa, lakini haya ilinishika pale. Nilikuwa nimemnyang'anya mama wa watu sala za mumewe.

"Orrin."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Britta alikuwa amelaza vijiti mapajani.

"Nigeukie."

Nikageuka.

"Hiyo ndiyo unayohesabia?"

"Ndiyo."

"Si kwa sababu ya utani. Unahesabia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hujui kuhesabu."

"Mpaka kumi najua," nikasema. Maiki ilikuwa bado wazi. Vijana wenye ndevu waliguna kana kwamba nimeungama mauaji.

Britta alivuta pumzi. "Miaka minne nakaa nyuma yako. Nyimbo zote?"

"Zote."

"Wimbo wa tano ni wangu. Uliniambia umeniandikia mimi, na kwenye jalada umeandika ni wa Britta. Wenyewe unasemaje?"

Nilimtazama Tou. Tou alikuwa anatazama dari.

"Britta, hapa si mahali..."

"Mama yangu umemwambia hapa. Niambie na mimi hapahapa."

Sikuwa na uongo uliobaki, nilikuwa nimeumaliza wote jikoni.

"Unasema, 'Nikimwambia Britta ukweli ataniacha.'"

Kidole chake kilikuwa kimeanza kugonga ukingo wa ngoma chenyewe, kwa mazoea. Mapigo kumi na tano. Kilipofika mwisho kikasimama.

"Huo ndio wimbo wangu wa mapenzi," akasema.

"Ndiyo."

"Na ni kweli?"

"Ndicho ninachoogopa kukijua."

Hakucheka, na hakulia pia. Britta hupiga bila pete, huiweka mfuko wa shati ili isimchubue. Sasa akaitoa mfukoni. Niliitazama kama nyinyi mngeitazama. Hakuivaa wala hakuirudisha. Aliiweka juu ya ngozi ya ngoma ndogo, pembeni, ikacheza kidogo ikatulia.

"Tutaupiga wa tano," akasema. "Utahesabu kwa namba. Kwa sauti, kwenye maiki ya mama. Ukifika kwenye kimya cha katikati, yale mapigo kumi na tano matupu, mimi nafumba macho, sikupi ishara, Tou naye hakupi ishara. Ukirudi pamoja nami, navaa. Ukirudi peke yako, hii pete utaondoka nayo."

"Britta, baada ya kumi mimi huwa..."

"Najua. Nimeshakusikia. Kila mtu amesikia."

"Mpe hata mazoezi kidogo," Tou akajaribu.

"Wewe kwanza unajua besi yako?"

Tou akaanza kukaza nyuzi za besi yake.

Nikamtazama Ardis. Alikuwa ameinua kichwa. Sikuona hasira usoni mwake, ila alinitazama kama mtu anayesubiri kuona daktari anatoka na habari gani. Bibi Verna alikuwa amemshika mkono, na Ardis alikuwa amemwachia.

Britta akagonga vijiti.

Moja, mbili, tatu. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikanirudia, ya mtu nisiyemjua. Mpaka kumi tulikwenda salama. Kumi na moja ulimi ukanitoka mbio, nikaufukuza, nikaukamata kwenye kumi na tatu. Tukazunguka tena. Mara ya tatu nilikosa kumi na nne kabisa, lakini vidole vilikuwa vimeshafika, vikaningoja. Upande wa kushoto midomo ya akina mama ilikuwa inacheza, wananihesabia kimoyomoyo. Upande wa kulia, kwa mara ya kwanza tangu bendi yetu izaliwe, watu walikuwa wamekunjua mikono.

Kikaja kimya.

Pete ikaacha kutetemeka juu ya ngoma. Britta akafumba macho, vijiti hewani.

Ile sentensi ilikuja, wasomaji, siwafichi. Ilikuja yenyewe na kupanga silabi zake zote mbele yangu, ikiniomba niipande tu inifikishe. Nikaikataa.

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu. Nne. Tano."

Hakuna friji, hakuna pumzi.

"Sita. Saba. Nane. Tisa. Kumi."

Nikaona vijiti vya Britta vikipanda nusu inchi. Sikujua kama ananitangulia yeye au ninachelewa mimi.

"Kumi na moja. Kumi na mbili."

Kumi na tatu sikumbuki kuisema. Huenda niliisema. Huenda kile nilichodhani ni kumi na tatu kilikuwa kumi na nne, na hapo kila kitu kimekwisha.

"Kumi na nne," nikasema, au nilirudia. "Kumi na tano."

Nikafumba macho, nikapiga.